Nani Aliyejitolea? Kompyuta za Malaria kutoka Namawala hadi Biwi

Utangulizi

Katika kipindi cha mofolojia tulipokuwa tukichambua kitenzi jitolea, mwanafunzi mmoja alitunga sentensi hii: "Kompyuta ya mwalimu ilijitolea kupambana na malaria." Wenzake walicheka. Mmoja akapinga kwamba kiambishi ji kinahitaji mtendaji mwenye nia, na kompyuta haina nia. Kwa hiyo sentensi ni sahihi kisarufi lakini ina kasoro kimaana. Mwingine akasema kwamba kama gari linaweza kukataa kuwaka, kompyuta nayo inaweza kujitolea. Kengele ikalia kabla hatujaafikiana.

Mwanafunzi yule hakuitunga sentensi yake hewani. Tulikuwa tumewasimulia juu ya kipakatalishi kidogo tulichokuwa nacho katika mtaa wa Biwi, hapa Lilongwe, ambacho kwa miaka kadhaa kilifanya hesabu za utafiti wa malaria. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya kazi ya namna hiyo, jinsi ilivyofungamana na vijiji vya wasemaji wa Kiswahili, na swali ambalo historia hiyo imetuachia: nani hasa aliyejitolea?

Kompyuta zilizokuwa zimelala

Wazo lenyewe ni jepesi. Kompyuta nyingi za nyumbani na maofisini hukaa bila kazi kwa saa nyingi. Mwenyewe anakunywa chai, au anaandika barua inayohitaji sehemu ndogo tu ya nguvu ya mashine. Wataalamu waliona kwamba nguvu hiyo ikikusanywa kupitia intaneti inaweza kufanya kazi ambayo ingehitaji kompyuta kubwa ya gharama kubwa. Kazi hukatwa vipande vidogo. Kila mtu aliyejiunga hupelekewa kipande chake. Mashine yake hukokotoa wakati haina shughuli nyingine, kisha hurudisha jibu. Mara nyingi kipande kimoja hupelekwa kwa mashine mbili au zaidi ili majibu yalinganishwe, maana kompyuta mbovu hukosea.

Mwaka 1996 kulianza mradi wa kutafuta namba tasa kubwa kwa njia hiyo. Mradi uliovuma zaidi ni SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliozinduliwa Mei 1999. Huo ulichunguza mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini ya Arecibo, Puerto Rico, kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia yetu. Zaidi ya watu milioni 5 walijiunga katika maisha ya mradi, na viumbe hao hawakupatikana. Mwezi Machi 2020 mradi uliacha kugawa kazi. Hata hivyo uliacha urithi. Kuanzia mwaka 2002 David Anderson na wenzake wa Berkeley walitengeneza programu ya BOINC, ambayo mtafiti yeyote angeweza kuitumia kugawa kazi zake kwa watu wa kujitolea. Baada ya hapo ikaja miradi ya hali ya hewa, ya protini na ya nyota.

Hadi hapo Afrika haikuwamo, ama kama mada au kama mshiriki anayehesabika. Badiliko lilikuja mwaka 2005.

Africa@home na hesabu za malaria

Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoko Basel, ambayo baadaye iliitwa Swiss TPH, ilikuwa na modeli ya kompyuta ya kueneza malaria. Modeli hiyo huumba kijiji cha kubuni: watu wa umri mbalimbali, mbu wanaowauma, vimelea wanaoingia katika damu, homa, matibabu, kifo, na kinga inayojengeka polepole. Kila hatua ya modeli ni siku 5. Kijiji kinaendeshwa hivyo kwa miaka mingi ya kubuni, kisha mtafiti anabadilisha jambo moja, kwa mfano anawapa watoto chandarua au chanjo, na kukiendesha tena. Kwa kuwa mambo mengi ndani ya modeli huamuliwa kwa bahati nasibu, jibu la mara moja halitoshi. Inabidi kurudia maelfu kwa maelfu ya mara. Kompyuta za ofisini Basel zisingemaliza.

Kwa ushirikiano na CERN, Chuo Kikuu cha Geneva na mashirika mengine, mradi ulioitwa Africa@home ulizaliwa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa MalariaControl.net, iliyotumia BOINC. Katika majaribio ya mwanzo watu 500 tu, kwa miezi michache, waliwezesha hesabu ambazo kompyuta moja ingezifanya kwa miaka 150. Mwaka 2006 umma wote ulifunguliwa mlango. Lengo jingine lilikuwa kuwahusisha wanafunzi na vyuo vikuu vya Afrika, na mwaka 2007 warsha ilifanyika Muizenberg, karibu na Cape Town. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Cape Town kilishiriki katika mradi wa pili, uliohusu hali ya hewa ya Afrika.

MalariaControl.net uliendelea hadi mwaka 2016. Modeli yenyewe, inayojulikana kama OpenMalaria, haikufa pamoja nao.

Namawala: tarakimu zilikotoka

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapopaswa kusogeza viti karibu. Modeli haiwezi kuumba kijiji cha kubuni bila kujua kijiji cha kweli kinavyoishi. Ni lazima mtu fulani, mahali fulani, awe ameumwa na mbu aliyehesabiwa. Mtu huyo, kwa sehemu kubwa ya modeli hii, alikuwa mkazi wa bonde la Kilombero, mkoani Morogoro.

Uhusiano wa Basel na Ifakara ni wa zamani. Profesa Rudolf Geigy alianzisha maabara ya utafiti pale mwaka 1957, kabla ya uhuru wa Tanganyika. Maabara hiyo ilikua ikawa kituo cha Watanzania wenyewe, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990 watafiti walifanya kazi katika kijiji cha Namawala. Walitundika mitego ya taa usiku ndani ya nyumba, kando ya kitanda chenye chandarua, wakahesabu mbu asubuhi, wakachukua damu za wanakijiji mara kwa mara. Waligundua kwamba mkazi wa Namawala alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mpangilio wa misimu ya mbu wa Namawala ndio ulioingizwa katika modeli kama kielelezo cha maambukizi ya kijiji cha Afrika. Kwa maneno mengine, mvua za Kilombero zilinyesha ndani ya kompyuta za watu wa Ujerumani, Marekani na Japani ambao hawakupata kulisikia jina la Namawala.

Kijiji jirani cha Idete nacho kina sehemu yake. Huko ndiko chanjo ya SPf66 ilikojaribiwa kwa watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994 yakionyesha kinga ya asilimia 31. Majaribio ya baadaye kwingineko hayakuleta matumaini, na chanjo hiyo iliachwa. Lakini taarifa za Idete juu ya homa za watoto ziliendelea kuwafaa watafiti.

Taarifa hizo zilipita katika lugha. Mama aliyemleta mtoto kituoni hakusema idadi ya vimelea. Alisema mtoto ana homa, anatapika, hanyonyi. Pengine alisema kwa Kipogoro au Kindamba, na mhudumu akaandika. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha ugumu uliokuwapo. Wazazi wengi walitenganisha homa ya malaria na degedege. Malaria ilikuwa ugonjwa wa hospitali. Degedege, yaani mtoto kukakamaa na kutupa viungo, lilihusishwa na shetani mwenye umbo la ndege, na mgonjwa alipelekwa kwanza kwa mganga. Daktari aliona ugonjwa mmoja pale ambapo lugha iliona magonjwa mawili. Anayeuliza dodoso kwa kutumia neno malaria peke yake angewakosa watoto walio katika hatari kubwa zaidi. Tunawaambia wanafunzi wetu mara kwa mara kwamba semantiki si pambo la mtihani. Huu ni ushahidi.

Mfano wa furaha ni wa mradi wa vyandarua wa Kilombero, ulioanza mwaka 1996. Vyandarua vyake na dawa yake viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Ni maneno mawili, kitenzi cha kuamuru na nomino, na kila mtu alielewa bila kufafanuliwa.

Kipakatalishi cha Biwi

Tulipokuwa tukisoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha kanda hii, mjadala mkali katika semina ulikuwa juu ya jina la mashine hii: kompyuta, ngamizi au tarakilishi? Programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo, zilizotafsiriwa kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilikuwa zimetoka mwaka 2004, na kila mmoja wetu alijiona mwanaistilahi. Kwa mashine ya kupakata tulilipenda kipakatalishi, na tunalitumia hapa. Wanafunzi wetu kutoka Dzaleka, ambao wengi wana Kiswahili cha Uvira, Bukavu au Bujumbura, waliiita tu mashini, na mambo yalikwenda.

Chetu tulikipata mwaka 2013, kikiwa tayari kimetumika. Kilikuwa cha aina ile ndogo iliyoenea kuanzia mwaka 2008: kioo cha inchi 10, prosesa ya Intel Atom, kumbukumbu ya gigabaiti 1. Tuliweka BOINC na kujiunga na MalariaControl.net kwa sababu tulikuwa tumesoma jina la Ifakara katika maelezo ya mradi.

Tatizo la kwanza lilikuwa kioo. Kina nukta 600 tu kwenda chini, na dirisha la mipangilio la programu lilikuwa refu kuliko hapo. Kitufe cha kukubali kilibaki nje ya kioo. Tulihangaika jioni nzima. Kijana mmoja wa Dzaleka aliyekuwa akija Biwi kutusaidia kazi za kuchapa aliangalia, akasema, "Mwalimu, kitufe kiko chini ya meza." Kisha akabonyeza kitufe cha kuhama mara kadhaa, akihesabu kwa midomo, na kupiga Enter bila kuona anachokubali. Mipangilio ikahifadhiwa.

Tatizo la pili lilikuwa joto. Mashine ilipofanya kazi kwa nguvu zote feni ililia kama nyuki, na kitako kikawa cha moto. Tukaamuru programu itumie nusu tu ya muda wa prosesa, tukainyanyua mashine juu ya vizibo vinne vya soda ili hewa ipite. Kazi ambayo wengine walimaliza kwa saa chache, yetu iliichukua siku nzima au zaidi. Umeme ukikatika na betri kuzeeka, mashine ilizimika, na ilipowaka iliendelea kutoka mahali ilipohifadhi mara ya mwisho. Baadhi ya kazi zilipitwa na siku ya mwisho, zikapewa mtu mwingine.

Tatizo la tatu ndilo lililotufundisha zaidi. Umeme wetu ulikuwa wa kulipia kabla, na mita ilikuwa moja kwa nyumba mbili. Mashine ile ilikula wati zisizozidi 20, yaani kiasi cha yuniti 14 kwa mwezi ikiwashwa mchana na usiku. Kwa mtu wa Basel hilo si neno. Kwa Biwi ni neno. Mama mwenye nyumba, ambaye kwa heshima ya Kichewa hutuita Aphunzitsi, alituuliza asubuhi moja, "Aphunzitsi, mashine yenu hulala lini?" Tukamweleza habari ya malungo, kama Wachewa wanavyoiita malaria, neno ambalo katika sikio la Mswahili husikika kama maungo, na kwa kweli ugonjwa huo huyakamata maungo. Akasikiliza hadi mwisho. Mjukuu wake alikuwa ametoka kuugua malungo mwezi ule. Akasema, "Basi yeye ameshatoa wake mchango. Hizo yuniti mtanilipa."

Tulizilipa. Tangu siku hiyo mashine ilikokotoa mchana tu, na usiku ikalala.

Neno kujitolea

Maneno ya mama yule yalitufungua macho. BOINC humpa kila mshiriki alama kwa kila kazi aliyoimaliza, na mradi uliweza kumpa cheti chenye jina lake. Sisi tulikuwa na cheti hicho, chenye alama chache za aibu. Lakini mkazi wa Namawala aliyelala karibu na mtego wa taa, mtoto wa Idete aliyechomwa kidole, mjukuu wa Biwi aliyelala kitandani wiki nzima, hao hawana alama wala cheti. Hatusemi kwamba wanakijiji walidhulumiwa. Utafiti wa Ifakara umeleta vyandarua, matibabu na wataalamu wa Kitanzania. Tunachosema ni kwamba neno kujitolea liligawanywa vibaya. Aliyeacha kompyuta yake ikiwaka aliitwa mtu wa kujitolea. Aliyetoa damu yake aliitwa data.

Historia ya maneno ya namna hii katika kanda yetu inatutaka tuwe waangalifu. Katika mashamba ya walowezi ya Nyasaland neno thangata, ambalo asili yake ni kusaidia, lilikuja kuwa jina la kazi ya lazima aliyoifanya mpangaji ili aruhusiwe kuishi juu ya ardhi, na ni miongoni mwa machungu yaliyotangulia uasi wa John Chilembwe wa Januari 1915. Tanzania nako, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kazi za kujitolea katika vijiji vingi zilikuwa na mwandikaji wa majina na faini kwa asiyetokea. Neno la hiari likikaa sana mdomoni mwa mwenye nguvu hubadilika.

Kwa hiyo tunarudi kwa sentensi ya mwanafunzi wetu. Tunaona kwamba mwenzake alikuwa na haki ya kuipinga. Mzizi ni toa. Kauli ya kutendea hutupatia tolea. Na ji humrudisha mtendaji awe ndiye kinachotolewa. Kujitolea ni kuitoa nafsi. Kompyuta yetu haikujitolea, na kwa kipimo hicho hata sisi hatukujitolea sana: tulichangia yuniti. Kitenzi kinachofaa kwa kompyuta hizi ni changia, na tungependekeza ukokotoaji wa kuchangia kuwa istilahi, tukiliacha kujitolea kwa waliotoa maungo yao.

Yaliyofuata

Je, kazi hiyo ilizaa nini? Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo nyingine, RTS,S, ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika kwa watoto wachanga na wadogo zaidi ya 15,000. Miongoni mwa vituo hivyo vilikuwamo Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania, Kilifi nchini Kenya, na Lilongwe yetu. Kabla ya Shirika la Afya Duniani kuamua hatua inayofuata, makundi manne ya wanamodeli yalilinganisha makisio yao juu ya faida ya chanjo hiyo, na OpenMalaria ilikuwa moja ya modeli hizo. Tarehe 23 Aprili 2019 Malawi ilikuwa nchi ya kwanza kuianza chanjo hiyo kwa majaribio katika kliniki za kawaida. Uzinduzi ulifanyika Mitundu, wilayani Lilongwe. Ghana na Kenya zilifuata mwaka huo huo. Oktoba 2021 shirika hilo liliipendekeza kwa watoto walio katika maeneo ya hatari.

Hatudai kwamba siku zetu za nusu prosesa ndizo zilizoleta chanjo Mitundu. Kompyuta moja kubwa ya leo ingeimeza kazi yetu yote kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Lakini njia kutoka mtego wa taa wa Namawala hadi sindano ya Mitundu ni njia moja, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilitembewa kwa Kiswahili.

Hitimisho

Kipakatalishi hakipo Biwi tena. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa mahali palipokuwa gereza, na ambayo sasa inabeba watu mara nne au zaidi ya iliowakusudia. Kijana wa kitufe cha chini ya meza alikuwa miongoni mwao, na tulimkabidhi mashine pamoja na vizibo vyake. Hairuhusu tena kazi za miradi mikubwa. Mingi haitengenezi programu kwa prosesa za kale kama ile. Yeye anaitumia kuchapa orodha ya maneno ya magonjwa kama yanavyosemwa na majirani zake: Kiswahili cha Kongo, Kirundi, Kinyarwanda na Kichewa, safu kwa safu. Amefika herufi M. Anasema neno moja la homa ya mtoto limempa majibu matano kutoka nyumba tano, na mhudumu wa zahanati ameomba nakala.

Tunawaomba walimu wenzetu wanaofundisha istilahi wasiishie kwenye orodha za kompyuta na tarakilishi. Mwulizeni kila mwanafunzi aende nyumbani akaandike jinsi bibi yake anavyoziita homa, kwa tofauti zake zote, kisha alete darasani. Atakayependa kutuletea orodha hizo, tutazipeleka Dzaleka. Safu za herufi N hadi Z bado ziko tupu.